Barua Niliyoiandika kwa Kiswahili Kizuri

Kila asubuhi, saa moja na nusu kamili, Mkuu wetu wa shule alifungua droo, akatoa rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina la mwisho kwenye daftari la mahudhurio. Ukifika dakika moja baadaye, unasaini chini ya mstari. Hakusemeshi, hakukunjii uso. Anaendelea kusoma makaratasi yake huku wewe umeinama mbele ya meza yake unatafuta kalamu.

Hiyo ilikuwa sekondari ya kata mkoani Tabora, mwaka 2019, na mimi ndiye niliyekuwa Makamu.

Kwa asiyejua, Makamu ni kiumbe wa katikati. Ana vipindi kama walimu wengine, ana lawama kama Mkuu, na posho ya madaraka hana. Baada ya Elimu Bila Malipo kuanza 2016, Mkuu wa sekondari alikuwa akipata sh. 250,000 kwa mwezi za madaraka, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi 200,000. Makamu alipewa kiti cha pili kwenye kikao. Nasema haya bila kinyongo. Haya basi, kidogo kipo. Lakini kiti hicho cha pili kina faida moja: unasikia maneno ya pande zote mbili kabla hayajapambwa. Na ukiwa mjinga kama nilivyokuwa mimi, kazi ya kuyapamba unaifanya mwenyewe.

Tulikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa hiyo jina lake likawa Madam Fizikia. Shule ilikuwa na nyumba mbili za walimu: moja ya Mkuu, nyingine wamebanana vijana watatu. Madam alipanga chumba mjini, kilomita 14 kutoka shuleni, na alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Alikuja kwa bodaboda. Kiangazi, hakuna neno. Lakini kati ya mji na shule kuna mbuga, ule udongo mweusi, na mvua ikinyesha usiku njia inageuka ugali. Pikipiki inasukumwa, abiria anavua viatu.

Februari ile, ndani ya wiki moja, Madam alisaini chini ya mstari mara tatu.

Ijumaa Mkuu akaniita. "Makamu, huyu Madam anachelewa. Mwandikie barua ya kujieleza. Wewe ndiye mwenye Kiswahili kizuri."

Nafundisha Kiswahili. Ukitaka kunipata, nisifie Kiswahili changu. Nilikaa kwenye kompyuta ya ofisi saa nzima kwa barua ya aya tatu. Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nikataja tarehe moja moja, nikamtaka aeleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Kisha nikafika kwenye sentensi ya mwisho na nikaona inaning'inia, inahitaji neno zito la kuikalisha chini. Nikaandika: "Tabia hii imekuwa sugu na inaashiria dharau kwa ofisi."

Mkuu aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umenena." Akasaini.

Rudi juu uangalie alichoniambia. Alisema anachelewa. Dharau hakuitaja. Dharau niliileta mimi kwa sababu ya mizani ya sentensi.

Mkuu hakukosea kisheria. Sheria Na. 25 ya 2015, iliyoanzisha Tume ya Utumishi wa Walimu, inamtambua mkuu wa shule kama mamlaka ya nidhamu kwa makosa madogo. Yale mazito ndiyo yanayokwenda Tume ngazi ya wilaya. Nia yake ni njema: la shuleni liishe shuleni, mwalimu asifunguliwe faili wilayani kwa sababu ya dakika kumi. Tatizo ni kwamba karatasi ikishagongwa muhuri haijui kukaa nyumbani. Jibu la Madam lilikuja siku ya nne, kurasa tatu kwa mkono, mwandiko wa mtu aliyetulia. Na chini kabisa: Nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Afisa Elimu Sekondari, Tume ya Utumishi wa Walimu (Wilaya), na Chama cha Walimu Tanzania, CWT (Wilaya).

Ukitaka kujua ugomvi wa walimu umefika wapi, usihangaike na barua yenyewe. Shuka chini penye "Nakala". Nakala moja, mtu ana uchungu. Nne, mtu ameshahama moyoni, amebaki mwili tu.

Kuhusu kuchelewa alitumia aya moja. Kurasa mbili na nusu zilizobaki zilikuwa juu ya neno dharau.

Baada ya hapo shule ikapasuka kama tikiti lililodondoka. Tulikuwa tunachangia chai ya saa nne, kila mwalimu elfu kumi kwa mwezi, maandazi yanatoka kwa mama mmoja jirani na shule. Chai ikafa ndani ya wiki mbili, maana waliokuwa upande huu hawakutaka kumimina birika moja na wa upande ule. Wengine wakahamia chini ya mwembe. Waliobaki ofisini wakaitwa wapambe. Lilikuwepo kundi la Wasapu la shule. Likaundwa la pili, Mkuu hayumo. Nilikuwemo kwenye hilo la pili na nilijiona mjanja, mpaka siku kijana wa Bailojia aliponiuliza kwa bahati mbaya kama nimeona picha "kule", nikagundua kuna la tatu ambalo mimi simo.

Na Madam hakugoma. Ingekuwa nafuu angegoma, tungejua pa kuanzia. Alianza kufundisha kwa kanuni. Kipindi kikigonga anaingia, anaandika, anaeleza, kengele ikilia anatoka. Jumamosi zake za maabara, ambazo hakuna waraka uliomlazimisha kuzifanya, zikakoma. Kidato cha nne walikuwa na mtihani wa vitendo mbele yao na kamba ya pendulamu hawajaigusa tangu Januari. Mgomo baridi huo, na hauna kifungu unachoweza kumshika nacho mtu. Vijana wakawa wananiuliza, "Mwalimu, Jumamosi vipi?" Nawajibu tutaangalia.

Afisa Elimu Kata akaja kusuluhisha. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Aliamuru kila mwalimu aandike maelezo yake juu ya hali ya shule. Walimu 17, maelezo 17, bahasha nene. Sasa hata aliyekuwa hana upande alikuwa na upande, kwa maandishi, na sahihi yake ipo. Ndiyo maana nikisikia kwenye semina mwezeshaji akisema dawa ya migogoro kazini ni mawasiliano, huwa natazama dirishani. Sisi tuliwasiliana mno. Halmashauri nzima ilikuwa inawasiliana juu yetu.

Lazima nimtendee haki Mkuu. Kwa miaka 15 alifundisha Hisabati, na aliifundisha vizuri, ndicho kilichomponza. Jioni moja akaletewa barua ya uteuzi. Bagamoyo kipo chuo cha serikali cha uongozi wa elimu, ADEM, lakini yeye alikalia kiti kwanza. Mafunzo aliyapata akiwa tayari amezoea rula na kalamu nyekundu. Kisha kuna vikao vya wilaya. Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao cha matokeo hajui. Orodha inabandikwa ukutani kwa projekta, shule zilizo mkiani zinatajwa moja moja, na mkuu wa shule, mtu mwenye mvi na wajukuu, anasimama mbele ya wenzake kueleza kwa nini. Mkuu wetu alisimamishwa mbele ya kikao hicho Januari ile. Aliporudi hakusimulia. Alinunua kalamu mpya.

Hofu inayotoka juu haikai juu. Februari 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko na askari, sababu zikitajwa kuwa uchelewaji na matokeo mabaya. Rais Kikwete alimwondoa kazini, na nchi nzima ikasema aibu. Mimi siku ile niliona kitu kingine: kwamba mtu mzima aliyeshika madaraka aliamini hivyo ndivyo matokeo yanavyopandishwa. Viboko vilikoma, imani ile haikukoma. Ilijifunza kuandika barua.

Upande wa Madam nao ulikuwa na kidonda ambacho hakikuwemo kwenye kurasa zake tatu. Nilikijua Mei, kwenye Hiace, tukienda msibani.

Mama yake Mkuu alifariki kijijini kwao, wilaya ya Nzega. Ugomvi ulikuwa umewaka lakini msiba ni msiba. Tulichanga, tukakodi Hiace, na Madam akaja na mtoto mgongoni, akakaa kiti cha nyuma karibu nami. Njiani, bila mimi kuuliza, akasema: "Makamu, mimi kuchelewa nakubali. Lakini mwaka juzi sikupelekwa kusimamia kidato cha pili. Mwaka jana tena. Wote mlikwenda. Hata mgeni aliyeripoti Septemba alikwenda. Nikajua basi, mimi hapa sihesabiwi."

Wasio walimu watacheka. Kusimamia mtihani ni wiki mbili kwenye shule ya watu, na posho yake haijengi nyumba. Lakini kwa mwalimu wa kijijini hiyo ndiyo hela pekee ya mwaka isiyo na mwenyewe tayari: haidaiwi na benki wala dukani. Na majina hutoka shuleni. Orodha ile ni kioo: unajitazama humo kujua kama upo.

Jioni ya msiba nilimuuliza Mkuu kwa upole. Alishangaa kwa dhati. "Madam? Ana kichanga. Mwaka juzi alikuwa mjamzito. Ningempeleka vituo vya mbali akalale wapi na mtoto?" Alikuwa amemhurumia. Kimya kimya, miaka miwili, bila kumwambia yeye wala mtu mwingine. Mmoja ametoa huruma, mwingine amepokea tusi, na katikati hakuna hata sentensi moja iliyosemwa kwa mdomo.

Ila mazungumzo hayo yasingewezekana bila kilichotokea makaburini mchana ule.

Tulikuwa na mzee mmoja wa Jiografia, Mzaramo wa Kisarawe, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mkuu alikuwa Mnyamwezi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa zamani, tangu wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani na kukatiza Uzaramo kwenda na kurudi. Shuleni mzee alikuwa hamwiti Mkuu kwa cheo chake. Alimwita "mpagazi wangu", na Mkuu, ambaye hakuna mwingine aliyethubutu kumzoea, alimjibu "mla nazi". Tulidhani ni michezo ya wazee.

Jeneza lilipofika, mzee alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, kofia kichwani. Hazikwi mtu hapa mpaka mtani alipwe. Wakampa elfu mbili, akaitazama juani kama bandia, akaitia mfukoni, hakuondoka. Kisha akapaza sauti:

"Tuliambiwa mazishi saa saba. Sasa hivi saa tisa! Marehemu amechelewa! Mkuu yuko wapi? Aje na ile kalamu yake nyekundu, mama yake asaini chini ya mstari!"

Kwa muda wa pumzi moja nilitamani ardhi ifunguke kwa ajili yangu kabla ya marehemu. Hakuna aliyepumua. Halafu Mkuu, aliyekuwa hajatoa chozi tangu asubuhi, akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikawashika shangazi zake, na katikati ya yote hayo mzee akainuka taratibu, akajipangusa vumbi, akasaidia kushusha jeneza.

Maneno yale ningeyasema mimi, ningefukuzwa kijijini kwa mawe. Angeyasema Madam, yangekuwa ushahidi. Mtani peke yake ndiye mwenye leseni ya kumwambia mtu ukweli siku anayozika mama yake, na akalipwa elfu mbili juu. Nimesoma miongozo mingi ya usuluhishi kazini tangu wakati huo. Hakuna hata mmoja wenye nafasi ya mtu huyu.

Jua lilipozama, wanawake wakiosha masufuria, Mkuu alipita akishukuru walimu mmoja mmoja. Alipofika kwa Madam nilikuwa hatua tatu.

"Madam, umekuja."

"Nimekuja, Mkuu. Pole sana."

Akasimama. Akamtazama mtoto. "Hivi ile mbuga asubuhi inakuwaje?"

Madam akamwambia inakuwaje.

Jumatatu Mkuu akanipa ratiba ya shule na penseli. Fizikia ilikuwa kipindi cha kwanza siku tatu za wiki. Nikaihamishia cha tatu, nikaweka Kiswahili mahali pake, na Kiswahili ni mimi, ninayeishi mwendo wa dakika tano kutoka getini. Kazi ile ilinichukua dakika 20. Ratiba ilikuwa chini ya uangalizi wangu tangu Januari. Saa nzima niliyoitumia kutafuta neno la kuikalisha sentensi ningeweza kuhamisha vipindi hivyo mara mbili na kubaki na muda wa chai, wakati chai ikiwepo.

Usidhani waligeuka marafiki kama kwenye hadithi. Hawakuwa. Mkuu aliandika "maelezo yamepokelewa" akafunga faili. Madam akarudisha Jumamosi za maabara, si zote. Novemba jina lake likawa kwenye orodha, kituo cha karibu. Walisalimiana. Chai ilirudi mwaka uliofuata, walimu wapya walipokuja wasiojua nani alikuwa chini ya mwembe. Mwaka 2021 Madam alipata uhamisho kumfuata mumewe. Siku ya kumuaga alinivuta pembeni, sahani ya pilau mkononi, akaniuliza: "Makamu, lile neno dharau lilikuwa lako, siyo? Mkuu haandiki vile."

Nilimwambia ndiyo. Akacheka, akaenda kuongeza kachumbari.

Sasa mimi ndiye Mkuu, shule nyingine, mkoa mwingine. Daftari la mahudhurio linakaa ofisi ya walimu, na mstari sipigi. Orodha ya usimamizi naibandika, na nikimwacha mtu namfuata kumwambia sababu kabla hajaisoma ukutani, hata kama sababu yenyewe hataipenda. Barua ya kujieleza nikiiandika naiacha droo siku tatu; nyingi hufia humo. Si zote. Yupo mtu niliyemwandikia siku hiyo hiyo bila kusita, aliyesimama mbele ya kidato cha kwanza saa mbili asubuhi akinuka gongo. Upole una mahali pake na pale hapakuwa mahali pake.

Lakini nisijisifu. Mwaka huu nina kijana wa Kompyuta, anafundisha kuliko sisi wote, vikaoni haji. Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupimana utendaji ulioingia baada ya ule wa zamani, OPRAS, mimi ndiye msimamizi wake, na upimaji wake haukumfurahisha. Akaacha kunisalimia. Nikajiambia dawa naijua. Mimi ni Mpare, yeye Mchaga, watani hao. Sisi Wapare tunasemwa tunauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku, na siku zote hucheka wa kwanza. Basi Jumatano mbele ya walimu nikamwambia: "Nyie Wachaga kikao kisicho na bahasha hamkioni kwenye kalenda!"

Ofisi ilicheka. Yeye hakucheka. Amezaliwa Dar es Salaam, kakulia Dar es Salaam, na utani kwake ni kitu cha kwenye harusi, kinafanywa na mshehereshaji. Alichosikia ni Mkuu wa shule akimwita mlarushwa mbele ya watu 20.

Jana nimepokea barua yake. Kurasa mbili, nakala moja, ya CWT. Bado nina bahati. Niliisoma polepole kwenye meza, nikakubali moyoni sehemu kubwa, na nilikuwa nimefika aya ya tatu, pale anaposema "umenizalilisha mbele ya wenzangu", ndipo nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshaizungushia duara ile "z" na kuandika "dh" pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Barua ni kumbukumbu rasmi, inatakiwa iingie kwenye faili. Nimeiweka droo. Kesho saa moja asubuhi nitamsubiri getini, na sijui nitaanza na lipi: lile la Jumatano, au hili la duara.